Wazee mliokuwepo Dar mwaka 1983: Nguvu Kazi ilikuwaje hasa?

MwenyeRobota

Wakuu salaam. Wazee wangu, shikamooni.

Nauza mitumba Ilala, mashati na suruali za kiume, mwaka wa tisa sasa. Nilikuwa na meza Karume mpaka soko lilipoungua Januari 2022, nikaanza upya na robota moja la mkopo. Nayataja haya mjue anayeuliza ni mtu wa namna gani.

Juzi jioni nilikuwa kijiweni, kwa muuza kahawa wa Mchikichini. Asubuhi yake wanamgambo walikuwa wamepita wakakusanya bidhaa za vijana wanaopanga chini pembeni ya barabara, kwa hiyo mazungumzo yakaenda huko. Mzee mmoja ambaye alisali msikiti mmoja na marehemu baba miaka na miaka akaweka kikombe chini, akasema: "Dawa yenu ilikuwepo. Ilikuwa inaitwa Nguvu Kazi. Mwaka 1983 mkoa huu ulisafishwa, asiye na kazi akapandishwa lori akaenda kulima." Kisha akaniangalia mimi. "Hata wewe ungepanda."

Nikamuuliza, mimi? Mimi ninayeamka saa kumi alfajiri kuwahi kuchagua nguo, nalipa ushuru, nasomesha watoto wawili? Akajibu, "Hiyo si kazi. Hiyo ni kuzungukazunguka."

Sikumjibu, kwa sababu ni mzee wangu. Lakini usiku sikulala vizuri. Shuleni tulikariri Azimio la Arusha na miiko ya uongozi, tukafaulu mtihani, ila hii Nguvu Kazi mwalimu aliipita kwa sentensi moja. Naomba walioiona kwa macho waniambie. Nani hasa walikamatwa? Waliamuaje kwamba huyu ana kazi na huyu hana? Na mji ulipata nini? Ushabiki wa vyama naomba tuuweke pembeni, kuna nyuzi nyingine za hayo.

JembeHalisi

Mzee wako amesema kweli. Jaribu kupita Mtaa wa Kongo saa tano asubuhi uone. Ardhi imelala Rufiji, imelala Morogoro, na kijana wa miaka ishirini mwenye mikono miwili anauza soksi mjini. Ile ilikuwa sera sahihi ya serikali iliyojua inakokwenda. Waliokuja na ruksa, enzi za Rais Mwinyi, ndio walioiharibu.

FundiWaSoli

Marahaba mwanangu MwenyeRobota. Hilo lori nilipanda, ngoja nikueleze.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 26. Fundi viatu, nakaa chini ya mwarobaini kwenye kona moja ya Ilala, upande wa Bungoni, tangu 1975. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu. Nilikuwa na nyundo, kisu, sindano mbili za kushonea, chuma cha kuvishia kiatu wakati wa kugonga, kopo la gundi na gunia la vipande vya matairi. Enzi hizo kiatu kipya hukipati. Kiwanda cha Bora kilikuwa hapahapa Dar, lakini ukiingia dukani unamkuta muuzaji amekaa na rafu tupu nyuma yake. Mji mzima ulitembea kwa mikono ya mafundi. Zile raizoni za miaka ya sabini tulizishusha visigino zikawa viatu vya kuvaa ofisini. Aliyekosa kabisa tulimkatia makatambuga ya tairi. Wateja wangu walikuwa walimu, makarani, manesi wa zamu ya usiku, na askari walioniletea buti zao.

Sheria ya Nguvu Kazi ilipitishwa mwaka huohuo, wakati Waziri Mkuu Sokoine alipoendesha msako wa wahujumu uchumi. Sheria ilikuwa ya taifa, ila huku chini iliendeshwa na mkoa, na Chama, na mabalozi wa nyumba kumi. Tukatangaziwa kila mtu mzima awe na kitambulisho cha kazi. Aliyeajiriwa anapewa na mwajiri wake. Mimi mwajiri wangu nani? Nilikwenda kwa balozi, balozi akanituma ofisini, ofisini wakaangalia orodha yao wakaniambia fundi wa barabarani hayumo, nisubiri maelekezo kutoka mkoani. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu karani aliniambia nisiwe nawasumbua watu walio kazini.

Kabla hayo maelekezo hayajafika likaja lori.

Ilikuwa Oktoba, lile jua la kabla ya vuli. Mkononi nilikuwa na kiatu cha mwalimu wa shule ya jirani, cheusi, cha mguu wa kulia, soli imeachama mbele. Nimeshapiga mishono sita, imebaki kama kumi. Wakaja wanamgambo wanne na askari mmoja. Mgambo akasema, "Kitambulisho." Nikamwambia, ndugu yangu, mimi ni fundi. "Fundi wa kiwanda gani?" Nikamwonyesha kiatu. Nilikiinua juu, sindano ingali imechoma kwenye soli na uzi unaning'inia. Akasema, "Nimekuuliza kiwanda."

Nina miaka 68 sasa, na nikishika kiatu cheusi cha kulia bado naisikia sauti yake.

Niliomba ruhusa nikabidhi viatu vya watu, jozi kumi na moja. Yule askari akaniruhusu, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Nilitaka kumwachia mama wa maandazi ng'ambo ya barabara, lakini alikuwa ameshafunika beseni na kukimbia. Nikamwachia mtoto wa dobi.

Kituoni tuliandikwa majina. "Kwenu wapi?" Nikasema Ilala. "Nauliza kijijini." Jamani, mimi ni Mzaramo. Baba yangu amezaliwa Kariakoo. Mji huu umekaa juu ya ardhi ya wazee wetu, halafu mtu aliyekuja juzi na treni ananiuliza kwetu wapi. Mwisho nikataja Maneromango, Kisarawe, alikozaliwa babu, ili mambo yaishe. Nilikuwa nimefika huko mara mbili maishani, zote kwenye msiba.

Tulishushwa watu kumi na wanne. Mwenyekiti wa kijiji hakuwa na habari kwamba tunakuja. Alihangaika nasi kwa wema, akatulaza darasani shule ya msingi, asubuhi tunaamka mapema kuwapisha watoto. Tukaonyeshwa pori la visiki, ardhi kavu kama tofali, mvua bado. Majembe yalikuwa matatu. Majembe ya UFI yalitengenezwa Ubungo, kwenye mji uleule tuliotolewa, na kijijini hayakuwepo. Tulichokula ni mihogo ya wenyeji, ambayo na wao walikuwa wanaihesabu.

Siku ya tano mama mmoja aliniletea kandambili ya mwanawe iliyokatika mshipi, kasikia kuna fundi. Vyombo sina. Nikachoma msumari kwenye moto, nikayeyusha mpira, nikaunganisha. Kesho yake wakaja watu sita. Nilikaa pale siku 19, na kwa siku hizo zote hakuna nilichowafaa wale watu isipokuwa hicho. Hata mwenyekiti nilimtengenezea mkanda wa saa.

Nilirudi juu ya lori la mkaa hadi Pugu, halafu kwa miguu usiku. Kabla mwaka haujaisha, kati ya wale kumi na wanne niliwaona tisa hapa mjini kwa macho yangu. Yule mwalimu alikuja siku ya pili. Wiki tatu nzima alifundisha amevaa kandambili. Hakuniuliza nilikuwa wapi, alijua. Akakaa juu ya tofali, akangoja nimalizie ile mishono kumi.

Sasa ndugu JembeHalisi, usinihesabu kuwa adui wa Mwalimu Nyerere. Mama yangu alijifunza kusoma mtu mzima, kwenye darasa la kisomo, na siku aliyosoma barua ya kaka yangu peke yake tulilia nyumba nzima. Azimio lilisema mtu aishi kwa jasho lake, asimnyonye mwenzake. Nililiamini hilo na naliamini hadi leo. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nikiishi hivyohivyo kila siku, chini ya mwarobaini, na waliotumwa kulitekeleza mkoani walikuja na orodha ambayo kazi ni kiwanda, ofisi na shamba basi. Hawakuuliza mtu huyu anamnyonya nani. Waliuliza karatasi.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1976 kulikuwa na operesheni nyingine, Kila Mtu Afanye Kazi. Kabla ya hapo watu wasio na ajira walipelekwa Gezaulole, kule Kigamboni, jina lenyewe kwa Kizaramo ni "jaribu uone". Na babu alinisimulia kwamba Mwingereza naye aliwakamata aliowaita wahuni hapahapa Dar akawarudisha shamba. Babu alikuwa amekata mkonge kwa kipande, siku thelathini ndipo karatasi ijae. Niliporudi toka Maneromango aliniuliza swali moja tu: "Wamekupa kipande gani?"

KaraniMstaafu

Ndugu Fundi, nimekusoma mara mbili.

Nilikuwa karani katika shirika moja la umma la biashara hapa Dar, kuanzia 1977. Kwanza niwatendee haki viongozi wa wakati ule. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mwaka uliofuata Amin akavamia Kagera tukaingia vitani, mafuta yakapanda bei 1979, ukame nao ukaja. Fedha za kigeni zilikwisha. Viwanda vilisimama kwa kukosa kipuri kimoja. Tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na aliyekuwepo anajua ladha yake. Walanguzi walikuwepo kweli. Msako ulipoanza Machi 1983 watu walitupa bidhaa usiku, asubuhi unakuta sabuni na vitenge mtaroni. Sokoine alikuwa mtu safi, alikufa Aprili 1984 na watu wazima walimlilia barabarani. Sitamsema vibaya.

Lakini na sisi tulikuwa na mkono wetu, lazima niseme. Biashara ya kila kitu iliwekwa mikononi mwa mashirika ya mkoa, halafu kila kitu kikahitaji kibali. Mtu anaoza binti yake anataka kreti za soda na bia: kibali. Bati za kuezeka: kibali. Nilikuwa nazipanga zile karatasi kwenye faili la kamba, nazijua kwa rangi. Mzigo ukifika ghalani, wenye vibali vya wakubwa wanachukua kwanza, wanaofuata ni wenye kujuana na mtunza ghala, na kinachobaki ndicho kinakwenda duka la kaya, ambako mama amepanga foleni tangu usiku na tofali lake limeshika nafasi. Sukari ileile iliyotoka mlango wa nyuma niliikuta inauzwa uchochoroni kwa bei mara tatu. Mlanguzi alikamatwa. Aliyemfungulia mlango alikuwa na kitambulisho cha kazi, hakuguswa.

Na jambo lililonifanya niandike ni hili. Kima cha chini mwaka ule kilikuwa shilingi 600 kwa mwezi. Mimi nilipata zaidi kidogo, na kufika tarehe kumi imekwisha. Mke wangu alikaanga maandazi na kuuza barafu za ukwaju dirishani. Jirani yangu, mhasibu, alifuga kuku bafuni. Nyumba zote za watumishi pale tulipokaa ziliishi hivyo. Siku ya msako mke wangu alijificha chumbani, mimi nikatoka mlangoni na kitambulisho changu nikawaambia hapa anaishi mfanyakazi wa umma. Wakapita. Mwenye karatasi ni mimi, na watoto walikuwa wanakula kwa maandazi ya mama yao. Sijawahi kumwambia kwamba niliona aibu siku ile. Alifariki 2011.

JembeHalisi, kuhusu kilimo: vyama vya ushirika vya wakulima vilifutwa 1976, mazao yakawa yananunuliwa na mamlaka za serikali, malipo yanachelewa msimu mzima. Kijana wa Rufiji alikimbilia Dar akifuata pesa ya mkononi. Ukimrudisha bila kumlipa baba yake korosho zake, atakaa mpaka nauli ipatikane.

MamaWaWaliNazi

Shikamooni wazee wangu. Baba Fundi umeniliza na hicho kiatu.

Mimi ni mama lishe, Buguruni, naweka chungu motoni saa tisa usiku. Desemba 2018 Rais Magufuli aliwapa wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000, kwa sisi ambao mauzo hayafiki milioni 4 kwa mwaka. Nilifurahi sana, sitakataa. Kwa mara ya kwanza serikali ilikubali kwa maandishi kwamba ninachofanya kina jina. Nilikitoboa tundu nikakitundika kwenye nguzo ya banda, juu ya ndoo ya maji ya kunawa.

Oktoba 2021 tukaambiwa tuondoke barabarani, tutapangwa maeneo rasmi. Nilikwenda kuangalia eneo nililopangiwa. Hakuna mtu anayepita pale. Wateja wangu ni mafundi ujenzi, makuli na bodaboda, watu wa kula wamesimama na kurudi kazini, hawawezi kupanda daladala kufuata wali. Nilipoambiwa nibomoe banda nilikwenda kukitundua kitambulisho, nikawaonyesha. Kijana mmoja mwenye fulana ya mgambo akasema hicho ni cha biashara, siyo cha sehemu.

Kwa hiyo nauliza, Baba Fundi: mlipewa leseni baadaye? Nimesikia kulikuwa na leseni zikiitwa za nguvu kazi.

FundiWaSoli

Ndiyo mwanangu, marahaba. Baada ya msako kushindwa, mafundi na wachuuzi tukaanza kupewa leseni, nazo zikaitwa hivyohivyo, leseni za nguvu kazi. Jina lililonitoa mjini ndilo lililonirudisha kihalali. Nilikata yangu, nikailaza chini ya kopo la gundi isipeperuke.

Na kumbukeni, mwaka uleule 1983 mabasi ya UDA, shirika la usafiri la Dar, yalikuwa yamezidiwa, serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi. Nauli shilingi tano, dala moja, ndiyo daladala tunazopanda. Kabla ya hapo yaliitwa ya magendo na dereva alikamatwa. Waliweza kuona kwamba bila yale mabasi mfanyakazi hafiki kiwandani. Ningependa mtu mmoja pale mkoani angeangalia chini akaona mfanyakazi huyohuyo amevaa nini miguuni.

MwenyeRobota

Wazee, asanteni. Mungu awape umri, na mke wa mzee Karani, mama yetu wa maandazi, amrehemu.

Leo nilikwenda kijiweni mapema nikamsomea yule mzee jibu la Fundi kwenye simu, lote. Alisikiliza hadi mwisho, kahawa ikapoa. Hakusema kwamba amekosea na mimi sikumdai hivyo. Aliuliza mambo mawili. La kwanza, mwarobaini huo ulikuwa kona ipi, maana anadhani anaukumbuka. La pili, yule mwalimu alilipa?

FundiWaSoli

Mwarobaini ulikatwa barabara ilipopanuliwa. Sasa nakaa kwenye baraza ya duka la mjukuu, nyuma kidogo ya palepale. Mwambie akipita aulize fundi mzee, wataonyesha.

Mwalimu alilipa shilingi nane, bei tuliyopatana siku alipoleta. Alitaka kuongeza mbili. Nilimrudishia.